Mama Vibuyu Hatumi Chombo Kitupu

Miaka yote tuliyokaa bega kwa bega sokoni Sosiot, yule mama hakuwahi kuonja samaki wangu hata kipande. Wakipsigis wa umri wake hawakula samaki, hilo nililijua nilipofika, lakini yeye alizidisha. Nikifunua tu kikapu changu cha ngege wa kukaushwa, anageuza kigoda chake na kutazama barabara.

"Mama Samaki," ananiambia, "hiyo nyoka yako ya maji inaniangalia tena."

"Imekufa, Mama."

"Imekufa na bado inaangalia? Basi hiyo ni mbaya zaidi."

Lakini mpita njia mwingine athubutu kufunika pua mbele ya kikapu changu! Alikuwa anasimama wima, mrefu kama nguzo, masikio yake yaliyotobolewa yakining'inia hadi karibu na mabega, na kumuuliza huyo bwana kwa sauti ya soko zima yeye ameoga lini. Kunitania ilikuwa haki yake peke yake. Mimi mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai, nimetoka ziwani, sina dada wala shangazi katika vilima vile vya baridi, nilimpenda kwa hilo, na sioni haya kulisema.

Watu wote walimwita Mama Vibuyu. Jina lake halisi nililijua, lakini hakupenda litajwe ovyo, basi nami naliacha hapo. Aliuza vibuyu vya maziwa, vile vyembamba virefu vyenye kifuniko cha ngozi, vimepambwa kwa shanga na kauri. Hakuvilima yeye. Akina mama wa kutoka huko Silibwet ndio waliovilima na kumletea mgongoni, na yeye akavichagua kimoja kimoja akiingiza mkono ndani, amefumba macho, kama mkunga. Kile kisichompendeza alikirudisha bila maneno. Kile kilichompendeza alikitemea mate kidogo, tfu, ndiyo baraka ya kwao. Siku moja alimtemea hivyo hivyo mke wa meneja wa shamba la chai, kibuyu kikiwa tayari mikononi mwa yule memsahib. Nilidhani tutafungwa sote. Memsahib alijipangusa mkono kwa kitambaa, akamtazama, akanunua cha pili.

Kiswahili chake kilikuwa chake. Kibuyu alikiita "kipuyu," bei akaiita "pei," na mteja akicheka alimwambia, "Wewe unataka kununua kipuyu au unataka kununua mdomo yangu?" Hakuuza kwa mtu asiyebishana bei. Alikuja Mhindi mmoja wa Kericho, mwenye duka, akauliza bei, akakubali papo hapo. Mama akakinyakua kibuyu mikononi mwake. "Huyu hakugombana hata kidogo," aliniambia Mhindi alipoondoka amekasirika. "Mtu akikubali haraka hivyo, kuna kitu anajua mimi sijui." Baada ya wiki nzima alijua: yule Mhindi alikuwa akivipeleka Nairobi kwa watalii. Hakulalamika. Alifunga mzigo, akaniuliza treni ya Nairobi inapatikana wapi.

Na hapo ndipo mtu angekosea kumdhania kuwa mama wa sokoni tu. Alikuwa na biashara nchi tatu, mjane yule, asiyejua kusoma hata jina la kituo cha treni. Jinja, Uganda, walipokuwa wanajenga lile bwawa kubwa la umeme, vijana wa Kipsigis na Kinandi walikuwa wengi huko, na kijana wa huku akiwa mbali na kwao, unajua anakosa nini? Anakosa maziwa ya mama yake. Maziwa ya mursik, yaliyolala ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti hadi yawe machachu na ya kijivujivu. Mimi nikiyaona nageuza kigoda changu, lakini wao wanayalilia. Mama alifika Jinja na vibuyu vyake, akatafuta mama wa Kisebei mwenye ng'ombe, wakashirikiana. Halafu akashuka Musoma, Tanganyika, kwa Wakuria, ambao nao ni watu wa ng'ombe. Kila alikopita alikuwa anaacha mwanamke mmoja wa kumuuzia, na hakumwacha mwanamume hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini. "Mwanamume ukimwachia kipuyu ishirini," alisema, "ukirudi unakuta ana pibi wawili."

Kwenda Musoma ilibidi apande meli Kisumu, na mimi ndiye nilimsindikiza mara ya kwanza kwa sababu ziwa ni kwetu. Eh, jamani! Mama aliyekuwa anawatukana madereva wa malori alisimama gatini amenishika mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Alikuwa anaogopa maji. Kwao maji ni ya kunywa na ya kunywesha ng'ombe, si ya kutembelea juu. Mwishowe alipanda akienda kinyumenyume, uso kwangu, mgongo kwa ziwa, na akakaa hivyo hadi meli ikaondoka. Nilisikia baadaye kwamba alikaa hivyo hadi Musoma. Na alirudi, na akaenda tena, miaka na miaka, na sijui kama aliwahi kuliona lile ziwa.

Karani wa forodha alimuuliza mume wake yuko wapi na kama amempa ruhusa ya kusafiri na bidhaa. "Mume wangu ni mimi," alijibu. Yule karani alicheka sana. Hakujua kwamba mama hakuwa anatania, na wakati ule hata mimi sikujua.

Alikuwa na vitimbi vingine. Aliishi katikati ya chai, chai mbele, chai nyuma, vilima vyote kijani hadi macho yanachoka, na hakunywa chai. "Hayo majani ni dawa ya wagonjwa," alisema. Mzee wa kanisa alimhubiria kila Jumatano ya soko, naye akamsikiliza kwa heshima yote, kisha akamuuzia kibuyu. Alikuwa mkali kwa binti zake wawili walioolewa, lakini wakija kumwona anawafungia mizigo hadi hawawezi kutembea. Na alikuwa na zoea moja ambalo ndilo karibu limwangamize. Hakutoa chombo kitupu. Ukinunua kibuyu kwake, lazima ndani kuna maziwa kidogo, hata funda moja. Ukimwazima bakuli, linarudi na mahindi. Kwao kumpa mtu kibuyu kitupu ni kama kumwambia, ng'ombe zako zikauke. Angeliona afadhali akutukane.

Sasa nieleze habari ya shemeji, maana bila shemeji hakuna hadithi.

Mama hakuzaa mtoto wa kiume. Mume alipokufa, ndugu wa mume, mzee mmoja mwenye blanketi safi na fimbo isiyofanya kazi yoyote, alianza kuihesabu nyumba ile kuwa yake. Ardhi, ng'ombe, na mama mwenyewe juu. Lakini Wakipsigis wana desturi moja ambayo mama aliponieleza mara ya kwanza nilidhani ananidanganya. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe zake mwenyewe, anaweza kuoa. Anaoa msichana, anatoa mahari kama mwanamume yeyote, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Nyumba haifungwi.

"Na watoto wanatoka wapi?" nilimuuliza.

"Mama Samaki, wewe umeolewa na bado unaniuliza watoto wanatoka wapi?"

Basi vile vibuyu, ile Jinja, ile Musoma, ile kupanda meli kinyumenyume, vyote vilikuwa vya hapo. Alikuwa anatafuta ng'ombe za kuolea. Alikuwa amemwona msichana wa Silibwet, binti wa mmoja wa wale waliomletea vibuyu, mwenye mikono mizuri na mdomo mkali, na akasema huyo huyo.

Shemeji alikuwa na neno moja tu: mwanamke anayezurura nchi za watu hawezi kuwa mwenye nyumba. Na wazee wengine walimwitikia. Mambo yakaning'inia hivyo, mpaka yule memsahib wa kutemewa mate alipokuja na habari. Dada yake ana duka Uingereza. Anataka mzigo mkubwa wa vibuyu, vilivyopambwa vizuri, visafi, vikavu, vitupu. Vikiuzika, ataagiza kila mara.

Uingereza! Soko zima lilijua kabla ya jua kupanda. Shemeji naye alijua, akamwita mama mbele ya wazee, na wakafunga maneno. Mzigo ukifika salama na Wazungu wakaomba mwingine, shemeji mwenyewe atasimama shahidi siku ya mahari. Mzigo ukiharibika, mama ataacha safari, atahamia boma la shemeji, na nyumba ya marehemu itafungwa. Mama akakubali pale pale, bila kubishana bei. Hilo lilinitisha kuliko kitu kingine chochote.

Akina mama wa Silibwet walishona shanga hadi macho yakawa mekundu. Memsahib alikuja na gari lake, akakagua kila kibuyu, akakinusa mdomoni, akasema vizuri sana, kesho lori litapeleka kituoni Lumbwa. Akaondoka ameridhika. Gari lake halijapotea kwenye kona, nikamwona mama anaita maziwa.

"Mama," nilisema, "memsahib amesema vitupu."

"Memsahib ni mtoto. Hajui."

"Uingereza ni mbali, Mama. Ni wiki na wiki baharini."

"Ndiyo maana," alisema. "Mtu anatoka mbali hivyo, anafika mkono mitupu?"

Na wale wanawake wote wenye akili zao walitikisa kichwa, ndiyo, haiwezekani. Wakatia maziwa kidogo katika kila kibuyu, wakafunga vifuniko imara kwa ngozi mbichi ili yasimwagike, wakavitemea baraka, wakaviimbia. Mimi nilishika taa nikisaidia kufunga, na moyoni nikisema, mimi ni mtu wa samaki, maziwa sijui tabia zake.

Sasa najua. Maziwa yaliyofungwa, ndani ya behewa la treni lenye joto, yanaumuka. Na miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, askari kila mahali, kila kitu kinakaguliwa. Treni ya mizigo imesimama Nakuru, askari anapita, anasikia ndani ya behewa kitu kinasema tsss. Halafu, pu! Kifuniko cha kwanza. Halafu, pu! pu!

Sisi tulichosikia ni hiki: memsahib alikuja sokoni uso mwekundu kama nyanya, akasema treni imezuiwa, askari wamezingira behewa, mzigo wa mama unadhaniwa ni mabomu. Alitaka kujua mama ameweka nini ndani. Mama akamwambia. Memsahib akageuka, akarudi garini.

Siku zile ndizo pekee nilizowahi kumwona mama kimya. Alikaa kwenye kigoda chake bila kukigeuza, akiwatazama samaki wangu, nao wakimtazama. Vibuyu vya mbele yake havikuguswa. Nilimletea uji, hakunywa. Nilijua anachofikiria, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho: yule msichana wa Silibwet, na mlango wa nyumba ile ukizibwa kwa miiba. Nililia, na si kwa siri. Shemeji alipita sokoni siku moja na jembe jipya begani, mpini wake umelainishwa vizuri, akaliweka miguuni pa mama.

"Nimekuletea zawadi," alisema. "Kule kwangu kuna shamba la wimbi."

Mama alilitazama lile jembe. "Asante, shemeji," alisema. Nilitaka kumpiga yule mzee kwa kambale.

Mvua zikaanza, zikakolea. Ndipo siku ya soko akaja kijana mmoja mrefu, amevaa koti la askari, yuko likizo, kwao Chebunyo. Alizunguka soko zima akiuliza mama wa vibuyu, na alipomwona alivua kofia, akainama ili amshike kichwa, kama kijana wa kwao anavyosalimia mama mkubwa.

"Mama," alisema, "nimekuja kukwambia asante kwa niaba yetu wote."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wa Nakuru. Wa behewa."

Nikaacha kupima samaki.

Alisimulia akicheka. Afisa Mzungu alikuwa ameamuru wote walale chini. Wamelala chini, mvuke unatoka behewani, na upepo ukawaletea harufu. Yeye akainua kichwa. Pembeni yake Mnandi naye akainua kichwa. Wakatazamana. "Nikasema, Afande, hiyo si bomu, hiyo ni mursik! Afande akasema kama ni chakula, basi kuleni. Tukala, Mama! Miaka miwili mimi nakula posho ya serikali. Tulikunywa hadi wengine wakaimba."

"Mlikunywa yote," mama alisema polepole.

"Yote. Tukavisafisha vizuri, tukavikausha juani, Afande mwenyewe akasimamia ili mzigo uende. Lakini tungewezaje kuvifunga vitupu? Chombo cha mama hakirudi kitupu. Basi kila mtu akatia alichonacho. Chumvi. Sukari. Mmoja alikata kifungo cha koti lake cha shaba. Wasiokuwa na kitu waling'oa nyasi kando ya reli wakatia, kwa sababu nyasi ni amani. Halafu tukafunga. Vimeenda, Mama. Vimepanda meli."

Mama alimtemea yule kijana mate kifuani, tfu, tfu, tfu, hadi koti likalowa, na kijana akasimama ametulia anapokea.

Bado hatukujua mwisho wake. Ulikuja na memsahib, baada ya muda mrefu, safari hii bila uso mwekundu. Dada yake amevifungua dukani mbele ya wateja. Kimoja kina kifungo cha shaba, kingine kina nyasi kavu zinazonukia, kingine chumvi imefungwa kwenye karatasi. Wazungu walipenda kupita kiasi. Kila mtu alitaka kujua kibuyu chake kina nini, na vilikwisha. Dada anaomba vingine, na anaomba viwe vile vile, vyenye zawadi ndani. Memsahib aliinama, akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo desturi yao.

"Ndiyo desturi," mama alisema, uso mkavu kabisa. "Nilikuwa nataka kukwambia, lakini ulikuwa na haraka."

Memsahib alipokwenda, tulicheka hadi tukashikana. Toka siku hiyo wanawake wa Silibwet walikuwa wanakata nyasi kando ya barabara, wanakausha, wanatia ndani, tayari kwa Uingereza, na Mama Vibuyu akawa mtu pekee katika wilaya ile yote ya chai aliyewauzia Wazungu nyasi.

Alioa. Ng'ombe wa mahari walikuja kutoka Chebunyo, alikowanunua, weupe na wa kahawia, na shemeji alisimama shahidi akiwa amemeza kitu kichungu, lakini alisimama. Mama alivaa kama mzee mwenye nyumba. Yule msichana wa Silibwet alicheka siku nzima, na baadaye nikamwona sokoni akibishana bei na Mhindi wa Kericho hadi Mhindi akakaa chini. Nani alikuwa anakuja kumtembelea jioni, hilo halikuwa langu, wala la soko, na mama alinifundisha kutouliza.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake kwa miguu, sisi tukiwa tunafunga mizigo kurudi ziwani, mume wangu amemaliza kazi kiwandani. Nilikuta mtoto amezaliwa. Ulikuwa ni ule ukimya wa nyumba ambapo kuna habari na hakuna anayetaka kuianza. Wanawake wanakoroga uji bila wimbo. Mke mdogo, yule wa Silibwet, amelala, uso ukutani. Shemeji amekaa mlangoni na fimbo yake kati ya magoti, na sijawahi kumwona amekaa vizuri namna ile.

Mama alikuwa ndani, karibu na moto, miguu imevimba sana, safari hawezi tena. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Nilikaa karibu naye. Miaka yote ile, meli, treni, Jinja, Musoma, Uingereza, vyote kwa ajili ya mwana wa nyumba, na sote tulijua kwa nini wanawake hawaimbi.

Shemeji aliingiza kichwa, akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili na mimi mgeni nisikie:

"Pole, Mama. Ni msichana tu."

Mama aliinamia mtoto. Akafunua mkono wake mdogo, akautazama kwa mwanga wa moto kila kidole, kama anavyotazama kibuyu, na akautemea mate kidogo, tfu.

"Hata mimi, shemeji," alisema, "nilianza hivyo hivyo."